Mtaa wetu tuupange vipi: kuchangia ardhi, kurasimisha, au kungoja kutwaliwa?

Meza mbili zilikuwa zimeunganishwa nje ya ofisi ya mtaa, pembezoni mwa kata ya Muriet, Arusha, na juu yake mchoro wa mipangomiji umekandamizwa kwa mawe manne ili upepo usiuchukue. Mzee mmoja mwenye ekari moja ya mahindi na maharage alinishika mkono. "Mwanangu, nionyeshe shamba langu liko wapi humu." Nikamwonyesha kwa kalamu. Akaona mistari miwili imelikata shamba katikati. "Na hii barabara," akauliza taratibu, "mimi inanipa nini?"

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa, si mpangaji wa mji kwa kusomea. Ila nimekaa vikao vingi na maafisa ardhi, wapimaji na majirani wenye hasira, hadi wajumbe wa mitaa mingine hunipigia simu: Olasiti, Terrat, Moshono, mara nyingine ndugu zetu wa Moshi. Wote wanauliza jambo moja. Njia za kuupanga mtaa ni zaidi ya moja, na kila anayekuja na vifaa vya upimaji begani husifia ya kwake. Basi tuchague ipi?

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza, wenye mashamba wanakubaliana kuchangia sehemu ya ardhi, mpango kina, yaani mchoro wa kina wa mtaa, unachorwa watu wakiwa bado hawajajenga, na kila mmoja anarudishiwa viwanja vilivyopimwa. Ya pili ni urasimishaji: nyumba zimeshasimama, nanyi mnapanga kwa kufuata zilivyokaa. Ya tatu, halmashauri inalitwaa eneo kwa fidia, inapanga, inapima, kisha inauza viwanja. Ninakoegemea nakusema mapema: kama kwenu mahindi bado ni mengi kuliko mabati, shikeni ya kwanza, na muianze mwaka huu.

Kwanza mpango kabambe

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtaa kuchora kama vile uko peke yake duniani. Upangaji una ngazi. Juu kuna sera: Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, ambayo sasa ina toleo la 2023, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000. Inafuata Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007, inayoifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Halmashauri ndiyo yenye mpango wa jumla wa mji, huu tunaouita mpango kabambe, na humo ndimo mipango kina ya mitaa inapopata uhalali wake: hapa makazi, hapa biashara, hapa shule, hapa njia ya maji. Mchoro wenu ukipingana na mpango kabambe utarudishwa, hata kama mkutano mzima wa mtaa uliupigia makofi.

Arusha tunao Mpango Kabambe wa 2035, ulioandaliwa na washauri wa Surbana kutoka Singapore wakishirikiana na Wizara ya Ardhi. Haukuishia kwenye mipaka ya Jiji. Umeingia sehemu za Halmashauri ya Arusha na ya Meru, na hilo lilikuwa jambo la busara. Sensa ya 2012 ililihesabu Jiji watu 416,442. Ya 2022 ikakuta 617,631. Laki mbili za nyongeza kwa miaka 10 zimelala wapi? Pandeni kifodi mwende kusini hadi barabara ya mchepuko, mtaziona.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote senti, tumeni wajumbe watatu idara ya mipangomiji wakaulize: eneo letu limepangiwa matumizi gani, kuna barabara kubwa iliyokusudiwa kupita, na mabonde na makorongo yetu yamewekewa mstari wapi? Naujua mtaa uliochangishana, ukachoresha, ukafurahi, halafu ukaambiwa kwamba safu nzima ya viwanja imeangukia kwenye hifadhi ya barabara. Pesa ile haikurudi.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelibana jambo hili zaidi. Sheria yao ya upangaji na matumizi ya ardhi, Na. 16 ya 2013, iliyoanza kutumika Julai 2015, iliitaka kila manispaa iwe na mpango mmoja wa matumizi ya ardhi unaofunika eneo lake lote, ndani ya miaka 5, na mpango huo uongozwe na dira ya manispaa ya jinsi eneo lake litakavyokua. Naipenda sheria ile kwa neno hilo "lote". Haiachi shamba wala makazi ya asili nje ya ramani. Kwetu mipango kina huja vipande vipande, mtaa mmoja leo, mwingine miaka 6 baadaye, na matokeo yake barabara ya mita 10 upande huu inakutana na uchochoro upande wa pili. Mkichora, nendeni na mchoro kwa jirani zenu wa mtaa wa pili. Hakuna atakayewalazimisha, lakini msipofanya hivyo mtajuta.

Ekari moja kwa hesabu mbili

Nirudi kwa mzee wa Muriet, kwa sababu swali lake ndilo kiini cha kulinganisha njia ya kwanza na ya pili.

Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Dalali akiishika, huikata vipande vya 20 kwa 20. Kila kipande mita 400, vipande 10, jumla 4,000. Zinabaki 47. Ndani ya hizo 47 hakuna barabara, hakuna mtaro, hakuna pa kusimamisha nguzo ya umeme. Na mara nyingi hupimwa kwa hatua za miguu wala si kwa futi kamba, basi hata hizo 47 zinauzwa. Miaka mitano baadaye kuna nyumba 10 zinazopitia uani kwa jirani, na urasimishaji unaitwa uje kutibu.

Sasa hesabu ya kuchangia. Tuseme wote mmekubaliana asilimia 28 iende kwenye barabara, mitaro na eneo la wazi: hiyo ni kama mita 1,130. Kiwanja kimoja cha mita 500 kinauzwa kulipia mchoro, upimaji na bikoni, zile zege zenye namba za kuonyesha mipaka. Mzee anabaki na karibu mita 2,400, yaani viwanja 4 vya mita 600, kila kimoja kimegusa barabara, kila kimoja kina namba.

Vipande 10 dhidi ya viwanja 4. Kwa haraka mtu anaona ameibiwa, na hasira za mikutano yetu zilianzia hapo. Tulichofanya ni kuiweka hesabu ubaoni kwa chaki na kuwaacha majirani wenyewe wataje bei: kipande kisichopimwa kinauzwaje huku kwetu, na kiwanja chenye bikoni na barabara ya lori kinauzwaje. Sikutaja bei mimi, wala mpimaji hakuruhusiwa kutaja. Walipomaliza kuzidisha, kelele zilipungua. Fanyeni hesabu hiyo kwa bei za kwenu, maana haitoi jibu lile lile kila mahali. Mahali ambapo viwanja vilivyopimwa bado havina wanunuzi, mwenye shida ya ada ya shule mwezi ujao atauza kipande, na mtu huyo ana haki ya kusikilizwa.

Udhaifu wa njia ya kuchangia nauona katika mambo matatu. Inataka karibu wote wakubali. Mmoja mwenye shamba la katikati akigoma, barabara inapinda au inakufa. Inaumiza wenye vipande vidogo: mwenye robo ekari na nyumba yake juu hawezi kukatwa asilimia 28, kwa hiyo kwake ni afadhali achangie fedha badala ya ardhi, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. La tatu ndilo baya kuliko yote, viwanja vya gharama, vile vinavyouzwa kulipia kazi. Viko mikononi mwa nani, vinauzwa kwa bei gani, nani anaona risiti? Mitaa imevunjika kwa sababu ya viwanja hivyo. Orodha yake ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, namba kwa namba, tangu siku ya kwanza.

Nyumba zikishasimama

Sombetini, Unga Limited, Daraja Mbili: huko mazungumzo ya kugawana mashamba yamechelewa miaka 40. Njia iliyobaki ni urasimishaji. Msingi wake upo katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na ulipata msukumo mkubwa katika programu ya kitaifa ya kurasimisha makazi ya 2013 hadi 2023. Uzuri wake ni kwamba hauvunji watu moyo wala nyumba. Unamkuta mtu alipo, unampimia, anapata hati yenye miaka hadi 99, anaweza kuiweka benki. Hiyo si haba hata kidogo. Ipo pia leseni ya makazi, ambayo sheria hiyo hiyo inaipa muda usiozidi miaka 5. Kwa mtu aliyeweka tofali maisha yake yote, mimi naona ni fupi mno, labda iwe daraja la kuvukia tu.

Ila urasimishaji husajili kosa pamoja na nyumba. Uchochoro mwembamba ukishaingia kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, umekuwa wa kudumu. Ndiyo maana nasema muda wa kugombania njia za kupita ni kabla bikoni haijamwagwa.

Nilishika futi kamba mwenyewe katika mtaa mmoja wa Sombetini, nikiwasaidia kamati yao. Kati ya ukuta na ukuta tulipata mita 2 na sentimita 30. Gari la majitaka halipiti hapo, la zimamoto usiliwaze. Mama wa upande wa kushoto alikuwa ameshachimba msingi wa ukuta mpya, nondo zimesimama. Mwenyekiti alimwita pembeni: "Mama, rudi nyuma nusu mita tu. Baba wa ng'ambo naye amekubali nusu." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo hakuna mtaalamu yeyote aliyewahi kuyasema vizuri kuliko yeye: "Mwaka juzi jeneza la mama mkwe tulilipitisha juu ya ukuta, vijana wakalipokea upande wa pili. Sitaki tena." Akawaambia mafundi wang'oe nondo. Njia ile leo ina mita 3 na sentimita 30. Si nyingi, lakini bajaji inafika mlangoni, na gari la wagonjwa likirudi nyumanyuma linaingia.

Kamati inayoingia kwenye urasimishaji isianze na viwanja. Ianze na njia, mlango kwa mlango, futi kamba mkononi, kabla mpimaji hajafika. Mpimaji ana haraka. Analipwa kwa kiwanja, halipwi kwa uchochoro.

Na semeni ukweli mapema kwa walio bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Themi, Naura, Burka na vijito vyake vimezingirwa na nyumba. Kamati nyingine huwachangisha wakazi hao kama wengine, zikijua kabisa kwamba mchoro wao hautapita. Huo ni unyang'anyi. Arusha hatuhitaji mtu wa kutufundisha kwa nini mstari ule uliwekwa. Aprili 2024 maji yalisomba gari la wanafunzi asubuhi wakienda shule, na watoto wakafa. Tangu hapo mimi sisaini mchoro wenye kiwanja ndani ya korongo, hata mwenye kiwanja akiwa ndugu.

Kutwaliwa kwa fidia

Hapa sina mengi. Dar es Salaam walifanya hivi kwa ukubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Mradi wa Viwanja 20,000, na viwanja vilipatikana kweli. Ikifanywa vizuri, ndiyo njia inayotoa mpangilio safi kuliko zote, kwa sababu mchoraji hana wa kumbembeleza. Kwa eneo la soko kubwa, stendi au viwanda, sioni njia nyingine.

Kwa makazi ya kawaida, mwenye shamba anaondoka na pesa halafu anatazama ardhi yake ikiuzwa kwa bei asiyoifikia. Na pesa yenyewe ina saa yake. Sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Chini ya sheria ya uthamini ya 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inadai riba, na uthamini wenyewe hufa baada ya miaka 2. Mkikuta eneo lilithaminiwa zamani na watu bado wamekatazwa kujenga, msibaki kulalamika kijiweni. Andikeni barua, diwani aipeleke, mkumbushe tarehe.

Moshi ni habari nyingine

Ndugu zangu wa Moshi wananiuliza kama hesabu ya ekari inafanya kazi kwao. Inategemea wako juu au chini.

Manispaa ya Moshi ni ndogo, kama kilomita za mraba 59, na imezungukwa pande zote na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Watu 221,733 katika sensa ya 2022. Mji umejaa na unapanda mlimani, na huko unakutana na kihamba. Kihamba ni migomba na kahawa, lakini pia ni makaburi ya babu na bibi, na Krismasi familia nzima inarudi hapo. Ukimwambia mtu achangie asilimia 28 kisha apewe kiwanja mahali pengine ndani ya mchoro, unamwambia ahame makaburi. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo. Kiliisha kabla ya chai.

Kwa vihamba, njia inayoheshimu mambo ilivyo si mojawapo ya zile tatu. Kama bado ni kijiji kisheria, fanyeni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, mkutano mkuu wa kijiji uupitishe, watu wachukue hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Hati hiyo haina kikomo cha miaka. Barabara ndizo za kugombania huko, kwa makubaliano ya ukoo na ukoo. Na fanyeni kabla mpaka wa mji haujawafikia, kwa sababu kijiji kikishageuka mtaa, sheria inayotawala ardhi hubadilika, na yale mamlaka ya mkutano mkuu kuamua juu ya ardhi mnayaaga. Chini kwenye tambarare, maeneo yaliyokwisha kujaa kama Pasua yanafanana na Sombetini yetu: rasimisheni, mkianza na njia.

Pesa ishikwe wapi

Mtaa wangu uliwahi kuumia. Kampuni moja ya upimaji ilichukua michango ya kaya zaidi ya 100, ikachora, ikamwaga bikoni, kisha simu zikaanza kuita bila kupokelewa. Tulikuwa na zege zenye namba ardhini na hakuna ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ofisini. Bikoni bila ramani iliyoidhinishwa ni jiwe kama mawe mengine. Bibi mmoja alikuwa ameuza mbuzi wawili alipe mchango wake, na kila nikimpita njiani najisikia vibaya, maana mimi ndiye niliyemwandikia risiti.

Sasa tunafanya hivi. Fedha zinaingia akaunti ya benki ya kamati, watia saini watatu, mmoja wao mwanamke ambaye si mjumbe. Kampuni inalipwa kwa hatua: sehemu ya kwanza baada ya mchoro kuidhinishwa, ya pili baada ya ramani ya upimaji kuidhinishwa, ya mwisho kaya zinapoanza kupokea hati. Haidai chochote kwa kumwaga zege. Kampuni mbili zilikataa masharti hayo zikaondoka. Ya tatu ikakubali.

Kama mnasita bado kati ya njia ya kwanza na ya pili, panda kwenye tangi la maji au ghorofa lolote lililo karibu, uhesabu mapaa. Eneo ambalo nyumba zimekaa chini ya theluthi ya ardhi linaweza bado kuchangiana, ila nyumba zilizopo zizungukwe na mchoro, zisikatwe. Zikizidi nusu, rasimisheni. Kati ya hapo, gaweni mtaa sehemu mbili, kila moja na njia yake, mchoro mmoja. Hicho si kipimo cha kitabu. Ni changu, na kimenisaidia.

Yule mzee wa Muriet hakusaini siku ile. Aliomba kwanza tuende wote shambani, na afisa mipangomiji naye aje. Tulikwenda kwa miguu. Pale ambapo mistari miwili ilipita palikuwa na kaburi la mkewe, limezungushiwa matofali, na maua ya plastiki yaliyopauka. Kwenye picha ya angani halikuonekana, mti ulilifunika. Afisa alivua kofia, akasimama kidogo, kisha akatoa penseli na kusogeza barabara mita 7 kuelekea mashariki, kwa jirani ambaye naye alikuwa amesimama pale pale, akatikisa kichwa kukubali. Jumamosi iliyofuata mzee alikuja ofisini mapema kuliko wote, akaomba wino wa kidole gumba.